Ng'ambo Siyo Mbali: Mwongozo kwa Mtu Aliyefungiwa Daraja

Hongera. Kama mwongozo huu umefika mikononi mwako, basi na wewe umefungiwa daraja. Vuta kigoda ukae. Haraka ya nini, gari haliji.

Nimeuandika kwa ajili ya watu wa Mbesa na vijiji jirani, wilaya ya Tunduru. Wageni hupenda kutuandikia "Mbesa, Songea", kwa sababu Songea ndiyo makao makuu ya mkoa wa Ruvuma, na kwenye ramani ya ukutani kidole kimoja kinafunika kote. Ondoa kidole. Kutoka Tunduru mjini mpaka Songea ni zaidi ya kilomita 250, na sasa hivi ni lami, tunashukuru. Ila sisi hatuko kwenye lami. Sisi tuko kule unakoiacha lami, ukaanza kula vumbi kama ni kiangazi na tope kama ni kifuku, ukaenda, ukaenda, mpaka ukatokea mtoni. Mwongozo unaanzia hapo.

Hatua ya kwanza ni kusoma kibao. Kimesimama barabara inapoanza kuteremka, kimechomelewa kwenye vyuma viwili, maandishi mekundu: HATARI. DARAJA LIMEFUNGWA KWA MUDA. TUMIA NJIA MBADALA. Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka nikastaafu, na nakwambia hakuna shairi lenye mafumbo kama hilo. Tazama "limefungwa". Hiyo ni kauli ya kutendwa, na katika kauli ya kutendwa mtenda anaweza kuachwa nje na sentensi isimdai. Limefungwa, na nani, sarufi haikulazimishi kusema. "Kwa muda" ni kielezi cha wakati kisicho na wakati ndani yake. Na "njia mbadala" ni njia ambayo aliyeandika kibao anaamini ipo, wakati wewe uliyezaliwa hapa hujawahi kuiona.

Huo muda jifunze kuupima kwa korosho, maana kalenda ya ukutani itakutia presha bure. Daraja limefungwa tukiwa tunapalilia. Tumepuliza salfa limefungwa. Mikorosho imechanua, tumeokota, minada imepita, limefungwa. Msimu wa kwanza kibao kinang'aa. Msimu wa pili mbuzi wanajikunia hapo. Msimu wa tatu anakuja mtu na kopo la rangi, anakipaka upya herufi kwa herufi, na hapo ndipo utajua kwamba suala lako linashughulikiwa.

Hatua ya pili: jua kilichoua daraja, usije ukaaibika kwenye baraza la kahawa. Mgeni hudhani daraja huvunjika katikati kwa kishindo, kama kwenye sinema. Huku kwetu daraja halivunjiki, linaachwa. Kifuku kikikolea, mto unashuka na magogo, matete, migomba mizima na mizizi yake. Vitu hivyo vinakwama chini ya daraja na kuziba. Maji yakikosa pa kupita hayakai kungoja kikao. Yanazunguka pembeni na kulila tuta la barabara linaloingia darajani. Asubuhi mnakuta zege liko zima, kingo zake ziko nzima, na limesimama peke yake katikati ya maji kama mgeni aliyeshushwa kituo kisicho chake. Ndivyo ilivyokuwa hata kwenye barabara kubwa: Januari 2014 maji yalikata barabara penye daraja pale Dumila, mkoani Morogoro, na magari ya Dodoma yakabaki yanatazamana na magari ya Morogoro.

Kuna kifo kingine cha taratibu, maji yanapochimba chini ya nguzo mwaka hadi mwaka. Hicho hakionekani juu. Unapita na pikipiki yako unapiga mluzi huku chini yako kuna pango. Na kuna Fuso la mbao lililobeba mzigo wake na wa mwenzake. Pale barazani utasikia pia habari ya nyoka mkubwa anayeishi chini ya daraja, na kwamba mto una mwenyewe. Usibishe. Maelezo ya nyoka yana faida moja ambayo mengine hayana, kwamba nyoka haombi nyongeza ya fedha.

Hatua ya tatu: mtafute mwenye daraja. Kisheria jambo hili halina utata wowote. TANROADS, iliyoanzishwa mwaka 2000, inasimamia barabara kuu na barabara za mikoa. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, ilichukua barabara za wilaya zilizokuwa mikononi mwa halmashauri. Mgawanyo umeandikwa vizuri, una majedwali na ramani. Kasoro yake ni moja tu, mto haukuusoma. Basi utakwenda ofisi ya kwanza umevaa shati lako la Idi, utaambiwa hiyo ni ya wale. Utakwenda kwa wale, utaambiwa mbona ilishapandishwa hadhi, rudi kule kule. Sikwambii ni ofisi gani iliyonifanyia hivyo. Nakwambia tu kwamba kati ya ofisi hizo mbili pana mama anauza supu, na kwa siku zile alishanijua jina.

Majibu ya barua yako yatakuja, tusiwasingizie watu. Yatakuja katika nyakati zote za kitenzi isipokuwa wakati uliopita. Daraja linafanyiwa tathmini. Daraja limeingizwa kwenye bajeti. Daraja litatangazwa tenda. Likipata mkandarasi, likapata fedha, kikaisha kifuku. Ukikutana na "-li-", neno kama "tulijenga", tulia usome tena polepole; utakuta linazungumziwa daraja la wilaya nyingine. Na jifunze neno "upembuzi yakinifu". Ni neno zuri, wanafunzi wangu waliosoma vizuri walilipenda. Maana yake ni kwamba watu watakuja, watapima, wataondoka, na vigingi vyao vyenye kitambaa chekundu vitabaki. Vigingi hivyo usivitumie kufungia mbuzi, hata vikikaa miaka.

Wakati unangoja, usikubali mtu akwambie hukuchangia. Umechangia. Kwenye kila lita ya mafuta kuna tozo ya barabara, na katika bajeti ya mwaka 2021/22 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, hizi zetu. Sasa fanya hesabu ya darasa la nne. Daraja likiwa wazi unakwenda Tunduru na kurudi kwa lita kadhaa. Daraja likifungwa unazunguka, lita zinaongezeka, na tozo inaongezeka pamoja nazo. Kwa hiyo kadiri daraja linavyokaa limefungwa, ndivyo unavyozidi kulilipia. Mtu asiye na daraja ndiye mchangiaji mkubwa wa madaraja nchini. Petroli yenyewe, ikishafika ng'ambo hii, inauzwa kwenye chupa za maji ya kunywa zilizopangwa juu ya meza, na bei yake imeshavushwa mto kama abiria.

Hatua ya nne ilisombwa na maji. Zungukia hatua ya tano.

Hatua ya tano ni kuvuka, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo elimu tuliyobaki nayo. Kiangazi maji ni ya magotini, unakunja suruali unapita, na kijana wa pikipiki anapita amenyanyua miguu juu kama anaendesha baiskeli ya mtoto. Kifuku ni mtumbwi. Ukifika, msalimie mwenye mtumbwi kabla hujauliza bei. Hata kama ulimfundisha mwenyewe darasa la pili na ukamchapa kwa kutojua herufi kubwa, sasa yeye ndiye mkubwa.

"Mjomba, unavusha?"

"Navusha, mwalimu, ila siyo sasa. Acha lile gogo lipite."

"Bei gani leo?"

"Ile ile ya jana."

"Jana nilivuka kwa bei gani?"

"Jana hukuvuka, mwalimu. Uliiona bei ukarudi."

Ndani ya mtumbwi, mbuzi anakaa katikati, kuku miguuni, mwenye mimba hakai mbele. Simu unaifunga kwenye kifuko cha plastiki. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Juni 2019, utatumia kile cha pakiti ya chumvi, kikaushe kwanza. Usisimame kumpungia mtu aliye ufukweni. Usiulize kama mamba wapo. Jibu la "hawapo" lisikupe raha, na la "wapo" litakufanya ukae vibaya, na ukikaa vibaya mtumbwi unajua.

Pikipiki ina utaratibu wake. Mwenye pikipiki anaziba bomba la moshi kwa kitambaa, anachomoa plagi na kuitia mfukoni, kisha anasogea pembeni na kuambiwa asiguse. Vijana wanne wanaleta miti miwili, mirefu, iliyokwisha kulainika kwa mikono ya watu. Mti mmoja unapita chini ya injini, mwingine nyuma chini ya kiti, kamba ya katani inazungushwa mara tatu. Wanahesabu moja mbili, wananyanyua mpaka begani. Aliye mbele upande wa juu wa mto ndiye fundi. Yeye anatafuta njia kwa unyayo, hatazami maji, anatazama mti wa ng'ambo ya pili. Maji yakifika kifuani pikipiki inaonekana inaelea yenyewe, taa ya mbele imewatazama walioko ukingoni. Wakifika wanaisimamisha kwa tairi la nyuma ili maji yamwagike, mwenyewe anarudisha plagi, anapiga kiki, haiwaki. Anapiga tena. Ya saba au ya nane inakohoa, na ukingo mzima unashangilia kama Simba wamefunga. Nimeyaona hayo mara nyingi na bado sijachoka kuyatazama.

Mwenye pikipiki mwerevu hata hivyo haivushi. Anaiacha ng'ambo hii kwa mtu, anavuka kwa miguu, anapanda nyingine. Ndiyo maana sasa tuna vijiwe viwili vya bodaboda vinavyotazamana, kila kimoja na mwenyekiti wake, na safari iliyokuwa nauli moja imekuwa nauli mbili na mtumbwi. Katikati ya vijiwe limeota soko. Kuna wa vitumbua, wa kuchaji simu kwa sola, wa kukodisha makoti ya mvua, wapagazi wenye namba zilizoandikwa kwa mkaa kwenye fulana. Wachunguze sana usoni siku inapotangazwa kwamba mkandarasi amepatikana. Siwataji kwa ubaya. Mke wangu anauza chai pale, na taa ninayoandikia mwongozo huu ilinunuliwa kwa chai hiyo, kwa hiyo ikionekana kuna mahali nimelegeza kalamu, msomaji ajue sababu.

Hatua ya sita, biashara. Ukitaka kujua daraja lina thamani gani usimuulize mhandisi, muulize mwenye duka. Saruji, sukari, bati, salfa, vyote vinavyokuja kwetu vinapanda bei majini. Mahindi, mbaazi, ufuta, korosho, vyote vinavyotoka kwetu vinashuka bei kwenye maji hayo hayo. Mto mmoja, upande mmoja unapandisha na upande mmoja unashusha, na hakuna mwalimu wa hesabu aliyewahi kunieleza kwa nini mara zote sisi ndio tunaokuwa upande usiofaa.

Korosho ndiyo inayouma zaidi. Utaratibu ni stakabadhi ghalani: unapeleka korosho kwenye chama chako cha msingi, zinakwenda ghala kuu, chama kikuu cha hapa kwetu, TAMCU, kinaendesha mnada, bei inatangazwa, unasubiri hela yako. Utaratibu huu una watetezi na walalamikaji, lakini wote wanakubaliana kwamba unahitaji lori. Lori likishindwa kufika, gunia linakaa ndani, mvua za kwanza zinanyesha, unyevu unaingia, daraja la korosho linashuka. Naam, hata korosho zina daraja, na lenyewe linapitika, hasa kwa kushuka. Hapo ndipo anapobisha hodi mtu wa kangomba, usiku, na mfuko wa fedha taslimu na bei ya kutupa. Kangomba imekatazwa na sisi wote tunajua imekatazwa. Mwaka 2018 serikali iliposema itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kutuma malori ya jeshi kuisomba, tulifurahi sana, kisha tukakumbuka kwamba lori la jeshi nalo lina magurudumu. Mtu wa kangomba hana lori. Ana vijana wanne na miti miwili.

Hatua ya saba ni ugonjwa. Kwa hiyo naomba nisifanye mzaha kwa aya moja. Mbesa ina hospitali ya misheni, ya Kanisa la Biblia, iliyoanzishwa kwa kazi ya wamisionari wa Kijerumani wa Wiedenest, na watu huitafuta kutoka mbali. Daraja likifungwa, mgonjwa wa ng'ambo anaiona hospitali kama unavyouona mwezi. Na aliyeko huku akihitaji rufaa ya Songea au Ndanda, naye ana mto wake wa kuvuka kwanza. Kuna utaratibu wa m-mama, ambapo mjamzito mwenye dharura anapigiwa namba 115 bila malipo na kutafutiwa gari la wagonjwa, au dereva wa kijijini kama gari liko mbali. Ni utaratibu mzuri na umeokoa watu. Dereva atapokea simu, atawasha gari, atakuja mbio mpaka kwenye kibao. Ng'ambo ya pili utaona tochi. Wale vijana wanne wataitwa bila kuulizwa bei, watafunga kitenge kwenye ile miti miwili, ile ile ya pikipiki, na aliye mbele upande wa juu atatafuta njia kwa unyayo, safari hii usiku, bila mti wa kutazama. Kwa hiyo shauri langu kwa mjamzito ni kwamba aende Mbesa wiki kadhaa kabla, akae kwa ndugu, angoje huko. Kama hana ndugu Mbesa, atafute kuolewa na mtu mwenye ndugu Mbesa. Samahani, nimesema aya moja bila mzaha na mwisho umenishinda.

Hatua ya nane ni kujifariji, nayo inataka habari za walimwengu. Mwambie mwenzako kwamba hata wakubwa hukatikiwa. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake vilipoikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga, watu wa Mtwara waliotaka kwenda Dar walielekezwa kuzunguka kwa Masasi, Tunduru, Songea na Njombe, safari zaidi ya mara mbili ya ile waliyoizoea. Kwa siku zile Tunduru tulikuwa njia mbadala ya taifa, na mtu usiyemjua alishuka kwenye basi kununua mayai ya kuchemsha akauliza, "Kumbe huku kuna watu?" Wazee wetu hawakushangaa. Wao walikwishalala Ndundu wakingoja pantoni ya Rufiji, miaka ile kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, na wanaijua kusini ilivyo: ni mahali unapofika baada ya maji kukuruhusu.

Uganda nao walifunga daraja la Karuma, juu ya Nile, Septemba 2024 kwa matengenezo. Walisema miezi mitatu, na mwezi Desemba magari yakaanza kupita. Habari hii usiisimulie barazani. Inavunja moyo.

Simulia ya Wajerumani. Karibu na hiyo Wiedenest walikotoka wamisionari wetu kuna mji unaitwa Lüdenscheid. Desemba 2021 daraja lake la barabara kuu, la Rahmede, lilifungwa ghafla baada ya kuonekana limechoka, Mei 2023 likalipuliwa kwa baruti, na kujenga jipya kukachukua miaka. Wajerumani hao! Watu wenye mashine za kuchimba milima. Wakazi wa Lüdenscheid walilalamika kwamba malori yaliyozungukia katikati ya mji hayawaachi walale. Sisi kwa upande wa usingizi hatujapata malalamiko.

Hatua ya tisa, kujitolea. Itafika siku mtachoka na mtasema tujenge wenyewe. Msaragambo utapigwa, magogo yatakatwa, mtayalaza, mtaweka mbao juu, watu wataanza kupita na baiskeli na mtu mmoja mwendawazimu atapitisha Noah. Wiki ya pili kitakuja kibao kingine kusema daraja hili si salama. Na kweli si salama, mimi mwenyewe nimelipita nimefumba macho. Ila utajiuliza jinsi kibao cha pili kilivyofika haraka.

Zipo njia za bei nafuu. TARURA imejenga madaraja ya mawe sehemu mbalimbali nchini, Kigoma hasa, mawe na saruji yakipangwa kwa tao bila nondo nyingi, kwa gharama ndogo kuliko ya zege. Mawe sisi tunayo. Watu wa Tunduru wanachimba mawe tangu miaka ya 1990, mto Muhuwesi umechekechwa wote kutafuta yakuti. Ni mawe ya kujengea tu ndiyo hayajapata mnunuzi kutoka nje. Lipo pia daraja la chuma la kuungaunga, la Bailey, lililobuniwa na Mwingereza Donald Bailey wakati wa Vita Kuu ya Pili ili askari walifunge kwa mikono, bila kreni, hata usiku chini ya risasi. Kila fremu yake ilipimwa ibebwe na wanaume sita. Wanaume sita tunao. Risasi hakuna.

Hatua ya kumi ni kupokea wageni. Viongozi huja kuona tatizo mwezi wa nane. Chagua mwezi wowote wa kiangazi, ndio huo. Msafara unafika, mto umebaki kijito cha kuoshea vyombo, Land Cruiser ya kwanza inashuka, inapita, inapanda, inafuta vumbi. Mgeni anatazama kulia na kushoto anauliza kwa upole, "Maji yenyewe ndiyo haya?" Hapo ukijibu kwamba kifuku yanafika kwenye ule mwembe, unaonekana mwongo. Wazee walipendekeza tuweke alama ya rangi kwenye mwembe. Tukaweka. Mgeni akaisifu, akadhani ni ya kampeni.

Dawa iliyothibitika ni Mwenge wa Uhuru. Tangu uwashwe juu ya Kilimanjaro mwaka 1961, popote unapopangiwa kupita barabara hupata akili. Ukisikia Mwenge unakuja wilayani, usiombe daraja. Omba Mwenge ulale kijijini kwenu. Omba uzindue kitu ng'ambo, hata choo cha shule. Greda litakuja, litalima barabara ikang'aa kama meza, litafika kwenye kibao, litageuza. Lakini litakuwa limefika.

Na sasa hatua ambayo sikuipa namba kwa sababu sijui iwe ya mwanzo au ya mwisho. Kabla ya daraja kujengwa, lazima ijulikane barabara inatumiwa na magari mangapi. Fedha ni chache na barabara ni nyingi, lazima wachague, jambo ambalo hata mimi ningelifanya. Kwa hiyo atakuja kijana. Atakuja ameweka kalamu sikioni, na ubao wa kuandikia wenye kibanio, na karatasi yenye safu: malori, mabasi, magari madogo, pikipiki, baiskeli. Atatafuta kivuli, atakuta ni kile cha mke wangu, ataagiza chai na vitumbua viwili. Ametumwa kuhesabu magari yanayopita kwenye daraja lililofungwa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni.

Usimcheke. Ni mtoto wa watu, na ana adabu. Ataniamkia "shikamoo mwalimu" kabla hajakaa. Mpe kiti kizuri. Saa nne atakuwa ameandika sifuri katika malori, sifuri katika mabasi, sifuri katika magari madogo. Atatoa simu, ataitazama, ataiweka. Saa tano hivi vijana wanne watashuka mtoni na miti yao miwili begani, na juu yake pikipiki, nyekundu, na gunia la mbaazi limefungwa kwenye kiti. Mwenyewe nyuma, amebeba viatu. Kijana atainua kalamu. Ataandika kijistari kwenye safu ya pikipiki. Atawatazama tena wakiingia majini mpaka kiunoni, mpaka kifuani, taa ya pikipiki imemwelekea yeye. Atakifuta.

"Mwalimu," ataniuliza, "hii niiandike wapi?"